Kwenu Wapi Hasa? Neno "Gall" na Ugeni Usioisha

Najua nimeadimika, msinilaumu, ni mambo ya test mfululizo na foleni ya maji hapa hosteli. Leo Jumamosi rumeti kaenda kufua, chumba kimetulia, nikasema ngoja niliandike hili jambo maana limenikaa kooni tangu tuliporudi TP.

Nianze na kisa chenyewe. Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari mkoani Katavi. Wiki ya kwanza, Kidato cha Pili, naita mahudhurio. Nikafika kwenye jina ambalo sijalizoea, ulimi ukakwama. Kijana mwenyewe akasimama, akanisaidia kulitamka. Mimi kwa kujifanya ticha mcheshi nikamuuliza, "Wewe kwenu wapi?" Akajibu, "Hapa hapa, mwalimu." Nikamwambia, "Hapa si unaishi tu. Kwenu HASA?"

Darasa zima likacheka. Nyuma kabisa kuna mmoja akasema "mkimbizi", kwa sauti ya chini lakini ilinifikia. Yule kijana akakaa. Mpaka TP inakwisha hakunyoosha mkono tena kwenye kipindi changu, na kwenye daftari lake niliona ni mtoto mwenye akili sana.

Jioni mwalimu mmoja mzee pale ofisini akanielewesha. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji Burundi wakaingia kwetu, wakapewa ardhi sehemu kama Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wakafyeka pori, wakalima, wakazaa, wakazikana. Wengi wao wameshapata uraia wa Tanzania, vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Yaani yule kijana ni Mtanzania kama mimi. Babu yake ndiye aliyekimbia. Yeye hajawahi kukimbia kitu chochote zaidi ya fimbo za mwalimu wa zamu.

Kinachoniuma ni kwamba ladha ya swali hilo mimi naijua. Babu yangu alitoka upande wa Njombe enzi za mkoloni, akaja Tanga kukata mkonge. Walikuwa wanaitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuja na namba ya mkataba wake. Baba kazaliwa Muheza. Mimi nimezaliwa Muheza. Njombe nimefika mara moja tu, tena kwenye msiba, na baridi ile nusura nami nizikwe. Lakini nikiwa Muheza naulizwa "kwenu wapi hasa", na kule Njombe mashangazi walikuwa wananiita "huyu mtoto wa Tanga". Sasa mtu kama mimi kumuuliza mwenzangu swali lile lile mbele ya watu arobaini... acheni tu.

Basi tumerudi chuo, kozi ya semantiki, mwalimu akatupa kazi: kila mtu achague kikaratasi kwenye kofia, kina lugha, atafute neno moja la lugha hiyo na aeleze lilikotoka na maana zake. Wenzangu wakapata Kihindi, Kireno, Kituruki. Mimi nikapata Kigaeli! Nilicheka mwenyewe. Kigaeli ndiyo lugha ya asili ya Ayalandi na ya milima na visiwa vya Uskoti, siku hizi wanaihesabu kama lugha ndugu mbili, na ukijumlisha ya kisiwa cha Man zinakuwa tatu. Nikaenda maktaba bila hamu yoyote. Nikakutana na neno moja fupi, herufi nne, likanirudisha moja kwa moja Katavi kwenye lile darasa. Neno lenyewe ni GALL. Maana yake mgeni.

Sasa nisikilizeni. Mwanzoni neno hili halikuwa na maana ya mgeni hata kidogo. Lilikuwa jina la watu. Warumi walikuwa wanawaita watu wa nchi ambayo leo ni Ufaransa "Galli", wale ambao Julius Caesar aliwapiga vita kuanzia mwaka 58 kabla ya Kristo. Wagaeli wakalichukua jina hilo kwa maana ya mtu wa kutoka kule Galia, ng'ambo ya bahari. Jina la kabila la jirani, basi. Halafu karne zikapita, Galia yenyewe ikafa, lakini neno likabaki halina mwenyewe. Na neno lisilo na mwenyewe linatafuta wa kumvaa.

Mwaka 795 Wavikingi kutoka Skandinavia wakaanza kushambulia visiwa na monasteri za Ayalandi na Uskoti. Mwaka 806 waliua watu 68 kwenye kisiwa kitakatifu cha Iona. Hao hawakutoka Galia kabisa, lakini wamekuja na mashua, hawaeleweki wanachosema, basi wakaitwa Gaill, ndiyo wingi wake. Baadaye yakaja makundi mawili tofauti ya Wavikingi, na kumbukumbu za mwaka 851 zinasema yalipigana yenyewe kwa yenyewe kugombea Dublin. Wenyeji wakayagawa: Finnghaill, wageni weupe, na Dubhghaill, wageni weusi. Msidhani ni rangi ya ngozi! Wote walikuwa watu wa kaskazini. Wataalamu wanabishana mpaka leo, wengine wanasema huenda maana yake ilikuwa tu "wa zamani" na "wapya". Yaani hata ugeni ulikuwa na madaraja, kama sisi na fesha wetu wa mwaka wa kwanza.

Kilichofuata ndicho nilichokipenda. Dubhghall, "mgeni mweusi", likageuka jina zuri la kumpa mtoto. Akina Dougal na akina MacDougall wa Uskoti wanatoka humo, na Doyle wa Ayalandi naye ni Ó Dubhghaill, mjukuu wa mgeni mweusi. Leo ukoo wa Doyle ni mmojawapo wa koo za kawaida kabisa Ayalandi. Nenda ukamwambie Doyle yeyote si mtu wa Ayalandi uone utakavyotolewa nje!

Mwaka 1169 wakatua Wanormani kutoka Uingereza na Wales. Wavikingi kufikia hapo wameshakuwa majirani, wameoana na wenyeji kiasi kwamba kwenye vita maarufu vya Clontarf vya mwaka 1014 mfalme Brian Boru alipigana na upande wa mkwe wake mwenyewe, Sitric wa Dublin, aliyemuoa binti yake. Na Waayalandi walikuwepo pande zote mbili. Kwa hiyo neno Gall likahamia kwa hawa wapya. Na hawa wapya hawakuja wenyewe tu, waliitwa. Mfalme Diarmaid wa Leinster alikuwa amefukuzwa kwenye ufalme wake, akaenda kutafuta msaada nje. Mpaka leo wanamkumbuka kwa jina la Diarmaid na nGall, yaani Diarmaid wa Wageni. Mwenyeji ndiye aliyefungua mlango, halafu lawama ikaganda kwa wageni na jina likaganda kwake.

Wanormani nao wakakaa. Wakajifunza Kigaeli, wakaoa, wakaleana watoto na wenyeji, mpaka watawala wa Kiingereza wakaingiwa na hofu. Mwaka 1366 ikatungwa sheria pale Kilkenny: walowezi wasiongee Kigaeli, wasioane na Wagaeli, hata kupanda farasi wasipande kwa mtindo wa Kigaeli. Mwaka uliofuata, 1367, nani akateuliwa kuwa mwakilishi mkuu wa mfalme wa Uingereza nchini Ayalandi? Gerald FitzGerald, wa ukoo wa Kinormani, ambaye alikuwa anatunga mashairi ya mapenzi KWA KIGAELI. Wagaeli walimjua kama Gearóid Iarla na wanamhesabu kati ya washairi wao mpaka kesho. Serikali inakataza lugha, mkuu wa serikali anaitungia mashairi. Kwa damu ni Gall, kwa ulimi je? Mniambie nyie.

Jamani, kuna na ya majina ya mahali, hii ndiyo iliniua kabisa. Ayalandi kuna kaunti inaitwa Dún na nGall, Donegal, maana yake Ngome ya Wageni. Leo hiyo Donegal ni mojawapo ya sehemu ambazo Kigaeli bado kinazungumzwa majumbani na shuleni. Uskoti kuna visiwa vya Hebrides, ambavyo Wavikingi walivitawala muda mrefu mpaka vikaitwa kwa Kigaeli Innse Gall, Visiwa vya Wageni. Sensa ya Uskoti ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba visiwa vya nje vya huko ndiyo eneo pekee la serikali ya mtaa ambalo zaidi ya nusu ya watu wana ujuzi fulani wa Kigaeli. Rudia kusoma taratibu: mahali Kigaeli kilikobaki na nguvu kuliko kote Uskoti ndipo panapoitwa kwa Kigaeli chenyewe Visiwa vya Wageni! Na bara ya Uskoti, nyanda za chini ambako majina mengi ya vijiji yana asili ya Kigaeli au ndugu zake, ndiko wanakokuita Galltachd, nchi ya wageni, kwa sababu lugha ilihama.

Kuna hata neno gallóglach. Ni gall na óglach, kijana shujaa. Walikuwa askari wa kukodiwa kutoka hivyo visiwa, wamevaa deraya, wanapigana kwa shoka kubwa. Mwaka 1259 mwana wa mfalme wa Connacht alioa binti wa mtawala mmoja wa visiwani, na bibi harusi akaja na askari hao 160. Pale mali ilitoka kwa baba wa binti, sio kama sisi. Sasa hao askari waliitwa wageni, wakati lugha yao ilikuwa Kigaeli kile kile! Baba wa bibi harusi mwenyewe jina lake lilikuwa Dubhghall, ndiyo hilo hilo la mgeni mweusi. Shakespeare kawataja askari wa aina hiyo kwenye Macbeth. Watu wamefika mpaka kwenye tamthilia ya London na bado wanaitwa wageni na ndugu zao wa lugha moja.

Na msidhani ni Wagaeli peke yao. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao, wealh, nalo lilianza kama jina la kabila fulani la jirani, likawa mgeni. Wakawabandika watu wa magharibi mwa kisiwa, na ndiyo jina la Wales mpaka leo. Wageni kwenye nchi yao, wameitwa hivyo na waliowakuta! Hata ile lozi kubwa yenye ganda gumu, Waingereza waliiita kwa neno linalomaanisha "kokwa ya kigeni", na Wagaeli nao wakaiita gallchnó, maana ile ile. Sisi tuna pilipili manga, tuna kuku wa kizungu. Binadamu ni wale wale.

Sasa hapa ndipo nilipobishana na rumeti, usiku wa kuamkia presentesheni. Nilikuwa namsomea huku anakaanga mayai kwenye jiko letu la siri. Akaniambia, "Mshikaji, wewe unaonea huruma upande mmoja. Hao Gaill si walikuja kuua na kunyang'anya ardhi? Sasa mtu kakuchomea nyumba, hata neno la kumwita ni mgeni umnyime? Wenyeji walibakiwa na hilo neno tu."

Nikanyamaza, maana ana hoja. Karne ya 16 na 17 ardhi ya Wagaeli ilichukuliwa hasa, hususan Ulster kuanzia mwaka 1609, wakapewa walowezi kutoka Uingereza na Uskoti. Mtu aliyepoteza shamba na mahakama na mpaka lugha, neno Gall lilikuwa njia yake ya kusema: hii si yenu, hata mkiwa na karatasi. Hata sisi enzi za ukoloni tulihitaji neno la kutofautisha. Siwezi kukaa kwenye kitanda cha hosteli Dar nikamhukumu mtu huyo.

Lakini nilimjibu hivi, na leo narudia kwenu. Neno lilikuwa sawa kwa aliyekuja na shoka. Tatizo ni kwamba neno halijui kuacha. Linamshika aliyekuja na shoka, linamshika mwanawe aliyekuja na jembe, linamshika mjukuu ambaye hakuja kabisa, alizaliwa tu. Na linamruka huyo siku moja tu: siku anapotokea mgeni mpya wa kulibeba. Angalieni historia yenyewe. Mvikingi aliacha kuwa Gall alipofika Mnormani. Mnormani alianza kupumua walipofika walowezi wapya, wenyeji wakaanza kusema Sean-Ghaill, wageni wa kale, na Nua-Ghaill, wageni wapya. Yaani miaka 400 mtu yuko pale, cheo alichopanda ni "mgeni wa kale". Kha!

Aliyejaribu kulitatua ni padri mmoja, Seathrún Céitinn, kwa Kiingereza Geoffrey Keating. Yeye mwenyewe kwa asili alikuwa wa hao Sean-Ghaill, ukoo wa Kinormani. Kufikia kama mwaka 1634 akawa amemaliza kitabu kikubwa cha historia ya Ayalandi, kakiandika kwa Kigaeli safi ambacho kimesomwa kama mfano wa uandishi bora vizazi na vizazi. Humo hakubishania nani si Gall. Akatumia neno jingine, Éireannaigh, watu wa Ayalandi, akawaweka Wagaeli na wageni wa kale ndani yake pamoja. Neno la nchi badala ya neno la damu.

Nisiwadanganye, na yeye mlango aliufungua nusu. Wale walowezi wapya aliwaacha nje, na kwa hali ya wakati ule naelewa kwa nini. Lakini namheshimu kwa kuona kwamba swali si lazima liwe "ulitoka wapi". Linaweza kuwa "uko wapi".

Na sisi hili si geni kwetu, ndiyo maana najiona mjinga. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaitumia kama utani wa kumfukuza shemeji aliyekaa sana. Lakini isikilize vizuri. Ukishampa mtu jembe umempa na shamba la kulima. Hawakusema siku ya tatu muulize kwao hasa ni wapi. Siku TATU! Wagaeli wamehesabu miaka mia nne, sisi tangu 1972 tunahesabu, na Muheza wanahesabu tangu mkonge. Na lugha yenyewe tunayojivunia, jina lake limetokana na neno la Kiarabu la pwani, tulipewa na waliokuja kwa jahazi. Hakuna anayeiuliza kwao hasa ni wapi.

Msimamo wangu basi, kama mwalimu mtarajiwa: lile swali la "kwenu wapi hasa" darasani halina kazi. Ukitaka kujua mtoto anatembea umbali gani kuja shule, muulize anakaa wapi. Ukitaka kujua jina lake linatamkwaje, muombe alitamke, halafu ulirudie mpaka upatie. Hilo neno "hasa" ndilo lenye sumu. Mtoto ameshakujibu, wewe unamwambia jibu lake halitoshi, na unamwambia mbele ya wenzake ambao wataendelea kumwambia hivyo ukishapanda basi kurudi chuo. Najua wako watakaosema nakuza mambo, ni utani wa watani, Watanzania tumezoea. Utani ni wa watu wawili wanaojibizana. Yule kijana alijibu nini? Alikaa chini.

Presentesheni nilipata maksi nzuri tu, mwalimu akasema nimechimba. Sikufurahi kama nilivyotegemea. Nimemuomba yule mwalimu mzee wa Katavi kwa simu amwambie kijana kwamba niliuliza swali la kijinga na namuomba radhi. Mzee akacheka, akasema, "Mwanangu, sasa hivi yuko Kidato cha Tatu, kachaguliwa kiranja wa taaluma. Lakini ujumbe nitaufikisha."

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kulala mchana. TP ya mwisho ni Julai, sijui watanitupa mkoa gani. Popote nitakapofika nitakuwa mgeni, na nitaomba jembe mapema.

Rumeti karudi na ndoo zake, anadai zamu ya kupika ni yangu. Niishie hapa wadau. Wenye ubishi karibuni, hasa nyie wa sheria, najua hamkosi la kusema. Siku njema.